Neno Moja Mbele ya Mawili: Kiingereza cha Uratibu, Kazi ya Pamoja na Mpango Mkakati

Ndugu washiriki, maofisa mipango, waratibu wa miradi, makatibu wa vikundi, wahazili, na ninyi vijana mnaoandika maombi ya fedha usiku kwenye simu: wakubwa wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie msamiati wa Kiingereza wa kuratibu, kufanya kazi pamoja na kupanga mikakati. Orodha ya maneno hayo haikosekani, na wengi wenu mnayo tayari kwenye daftari. Shida iko kwingine. Hapa Dar es Salaam kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili, taarifa inaandikwa kwa Kiingereza, kisha agizo linarudi kwa Kiswahili tena mpaka kwa mjumbe wa mtaa. Katika kwenda na kurudi huko kazi hudondoka, na mara nyingi hudondokea mahali pale pale: pale ambapo Kiingereza kina maneno mawili na sisi, kwa mazoea ya ofisini, tunatumia moja. Kiswahili chenyewe mara nyingi kina maneno yote mawili, ila tumeacha kuyatumia. Leo tutatembelea sehemu hizo, na palipo na shimo kubwa tutakaa muda mrefu zaidi.

Tutumie mfano mmoja wa kufundishia. Kuna mtaa wa bondeni, jirani na Mto Msimbazi. Una mtaro wa mita 600 uliojaa mchanga na taka. Masika yanaanza Machi, kwa hiyo kazi iishe Februari. Kamati ya mtaa imepata mfadhili, na mfadhili anasoma Kiingereza tu.

Neno la kwanza ni “coordinate”. Wengi huligeuza kuwa “kushirikiana”, na kosa huanzia hapo. “Cooperate” na “collaborate” yote yametoka Kilatini na shina la kila moja ni kufanya kazi, huku silabi ya mwanzo ikibeba maana ya “pamoja”. Sisi upamoja huo tunauweka mkiani mwa kitenzi: kushirikiana, kusaidiana, kukubaliana, kukabidhiana. Wao huuweka kichwani: “co”, “con”, “com”, “col”. Ukilijua hilo, maneno kama “contribute”, “consult”, “consensus” na “committee” yanaacha kuwa mageni. Lakini “coordinate” shina lake ni mpangilio, wala si kazi. Maana yake ni kupanga vitu au watu ili kila kimoja kikae mahali pake na wakati wake kuhusiana na vingine.

Na Kiswahili kinalo neno hilo kwa usahihi kamili: kuratibu. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa ratiba, taratibu na utaratibu. Mratibu ni mtu wa ratiba. Kazi yake ni kujua nani anatangulia, nani anafuata, na nani asianze mpaka mwingine amalize.

Rudini kwenye mtaro. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Mabomba ya maji ni ya DAWASA, nguzo na nyaya ni za TANESCO. Watu wa taasisi hizi nne hawana haja ya kushika sepetu pamoja siku moja. Wanahitaji kufuatana, maana anayefukua baada ya mwenzake kufukia anairudisha kazi mwanzo. Ukiandika “The four institutions will cooperate”, umesema kwamba wana nia njema, basi. Ukiandika “The ward office will coordinate the four institutions”, umemtaja mwenye ratiba. Mfadhili makini akisoma sentensi ya kwanza atauliza swali. Akisoma ya pili ataendelea mbele.

“Cooperate” na “collaborate” nayo yana tofauti, ingawa ni ndogo. “Cooperate” ni kila mtu kubaki na kazi yake huku akimpa mwenzake anachohitaji: wakazi wanaoondoa meza zao za biashara juu ya mtaro wana-“cooperate”. “Collaborate” ni kuunda kitu kimoja kwa mikono miwili: kamati na mhandisi wanaochora ramani ya mtaro pamoja wana-“collaborate on the map”. Chungeni nomino “collaborator”, kwa sababu tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia inabeba pia maana ya msaliti aliyeshirikiana na adui. Inategemea maneno yaliyo jirani nayo. Na “partnership”, panapokuwa na mkataba na mgawo wa faida na hasara, kwetu ni ubia. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya 2010 ililichagua neno hilo, na lilichaguliwa vizuri. Msiite ubia kitu ambacho ni urafiki wa taasisi mbili zilizopiga picha pamoja.

Vihusishi navyo vishikwe pamoja na kitenzi chake, kama funguo na kufuli. “Collaborate with” mtu, “on” kazi. “Agree with” mtu, “agree on” mpango, “agree to” pendekezo: kwetu ni kukubaliana na mtu, kukubaliana juu ya mpango, kulikubali pendekezo. “Liaise with” ofisi moja, “between” ofisi mbili, na tahajia yake ina herufi i mbili. Kuna makosa matatu yanayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu. Tunasema “kujadili kuhusu”, tunaandika “discuss about”. Kiingereza sanifu ni “discuss the budget”, bila “about”. Tunasema “kusisitiza juu ya”, tunaandika “emphasize on”. Iwe “emphasize the date”. Na “request for” ni sahihi likiwa nomino, “a request for funds”, lakini likiwa kitenzi ni “request funds”.

Sasa tufike kwenye muda, na hapa tutakaa.

Mtu wa Dar akisema “Nahitaji ripoti mpaka Ijumaa”, kila mtu anamwelewa: Ijumaa isipite. Katibu akiandika “I need the report until Friday”, Mwingereza anaelewa kwamba ripoti iko mkononi mwa huyu bwana tayari, ataitumia hadi Ijumaa, kisha hataihitaji tena. Tarehe ya mwisho imefutika ndani ya neno moja. “Until” ni ya hali inayoendelea kisha ikakoma: “The drain will be closed until Friday”. “By” ni ya tendo litakalokuwa limekamilika: “Submit the report by Friday”. Kiswahili kinazo njia mbili pia. “Hadi” tuiachie hali inayoendelea. Tendo la mara moja tuliwekee “ifikapo” au “isizidi”: ripoti iwasilishwe ifikapo Ijumaa. Muhtasari ukiandikwa hivyo tangu kwenye Kiswahili, mfasiri hakosei.

Ziko jozi nyingine. “Before Friday” inaiacha Ijumaa nje; mwisho ni Alhamisi. “By Friday” inaiingiza. “In two weeks” ni wiki mbili zikishapita. “Within two weeks” ni wakati wowote kabla hazijaisha. “Biweekly” msiiguse kabisa, kwa sababu Waingereza wenyewe huielewa kwa namna mbili, mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili. Andikeni “every two weeks” au “twice a week”.

Halafu saa. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, wao kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, tofauti ni saa sita. Hili kila mtu analijua akiwa ametulia, na kila mtu hulikosea akiwa na haraka. Mtu anasikia “three o'clock” kwenye simu, anaandika “saa tatu”, na wajumbe 24 wanakaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi wakimsubiri mgeni wa saa tisa alasiri. Dawa ni kuandika saa kwa mfumo wa saa 24 kwenye kila kinachokwenda kwa Kiingereza: “15:00”. “12 p.m.” na “12 a.m.” huchanganya hata wenye lugha, andikeni “noon” na “midnight”. Tarehe nayo iwe na jina la mwezi. 05/06 ni tarehe 5 Juni kwa Mwingereza na ni Mei 6 kwa Mmarekani.

Usiku una mtego wa ziada. Kwa hesabu ya kimila ya pwani, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo “usiku wa Jumatatu” kwa mzee mmoja ni usiku ambao kijana ataita wa Jumapili. Waandishi wetu wa habari wameshapata jibu, “usiku wa kuamkia Jumatatu”. Kwa Kiingereza ni “Sunday night”. Kama lori litakuja kuzoa tope saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, andikeni “Monday, 02:00”.

Tukiwa kwenye muda, neno “deadline” lina historia nzito kuliko tunavyolitumia. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika gereza la kijeshi la Andersonville jimboni Georgia, palikuwa na mstari ambao mfungwa akiuvuka alipigwa risasi. Mstari huo ndio ulioitwa hivyo. Baadaye waandishi wa magazeti walilichukua neno kwa ajili ya saa ambayo habari ikichelewa haichapwi. Ndiyo maana katika maombi ya fedha “deadline” haijadiliwi: saa ikipita, mfumo unafungwa. “Target date” ndiyo inayosogezwa. Zikiwekwa zote mbili katika mpango, tofauti yake ionekane.

Shimo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: “responsible” na “accountable”. Yote mawili tunayageuza kuwa “kuwajibika”. Matokeo yake ni mpango unaosema kamati itawajibika, mtendaji atawajibika, mhandisi atawajibika na wananchi watawajibika, na mwisho mtaro umejaa kama ulivyokuwa.

“Responsible”, katika mipango, ni mwenye mikono: anayetekeleza. Wanaweza kuwa wengi. “Accountable” ni mwenye kujibu: akiulizwa kwa nini mita 200 zimebaki, hawezi kumwonyesha mwingine kidole. Huyo ni mmoja kwa kila kazi. Katika siasa za Tanzania neno letu lina uzito wa pekee. Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa mauaji yaliyotokea Shinyanga, ambayo hakuyatenda yeye wala hakuyaamuru, watu walisema amewajibika. Maana hiyo ndiyo hasa ya “accountable”. Basi “kuwajibika” tuliachie “accountable”, na “responsible” tuiite kutekeleza au kuhusika.

Kuna jedwali linaloitwa RACI, kwa herufi za mwanzo za “Responsible, Accountable, Consulted, Informed”. Safu za kulala ni kazi, safu za kusimama ni watu. “Consulted” ni anayeulizwa kabla ya uamuzi, na jibu lake linasubiriwa. “Informed” ni anayejulishwa baadaye, na hakuna jibu linalosubiriwa. Kwa Kiswahili cha vikao wote wawili tunasema “atashirikishwa”, na ugomvi mwingi wa kamati unaanzia hapo: mmoja alidhani ataombwa ushauri, kumbe alikuwa wa kutumiwa ujumbe tu. Kwa hiyo tuandike “atashauriwa” au “atajulishwa”, na “kushirikishwa” tuliweke kando.

Kosa lililo la kawaida kwenye jedwali hili ni kuweka A mbili kwenye kazi moja ili mtu asione amedharauliwa. Heshima tumpe mzee kwa njia nyingine. Mweke kwenye C, umuulize kabla, na umsikilize kweli. Kosa jingine ni kuandika jina la ofisi mahali pa mtu. Ofisi haipokei simu saa mbili usiku maji yanapopanda. Andikeni cheo cha mtu mmoja.

Na hapa linaingia neno SMART, lenye herufi tano za mwanzo za sifa za lengo zuri, ambalo kila semina hulifundisha. Lilitoka kwenye makala fupi ya George T. Doran ya Novemba 1981, na A yake hapo mwanzo ilikuwa “assignable”, yaani kazi ambayo inaweza kukabidhiwa mtu anayejulikana. Leo wengi hufundisha “achievable”, inayofikika. Sisi tunaona hapo tumepoteza, kwa sababu “achievable” inarudia yaliyomo kwenye R ya “realistic”, na swali la nani limetoka mlangoni. Mkiandika malengo yenu, irudisheni ile ya zamani.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya wazungu, sisi hatuna desturi hiyo. Tazameni kamati ya harusi ya Dar es Salaam. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina kamati ndogo ya chakula, ya usafiri, ya mapambo. Kila kikao kinafunguliwa kwa kusoma ahadi na michango iliyoingia, hadharani, jina kwa jina. Gari la maharusi lina mtu mmoja tu wa kuulizwa. Hiyo ni “accountability” kamili. Kijumbe wa upatu anayejua zamu ya kila mtu na tarehe yake ni “coordinator” bila cheti. Kinachokosekana ofisini si desturi. Ni kuileta pamoja na ukali wake.

Sasa tuhesabu kidogo, kwa sababu maneno ya kupanga bila hesabu ni mapambo. Mtaro wetu una upana wa mita 1 na tope la kina cha nusu mita. Mita 600 zinatoa mita za ujazo 300. Watu 24 wakichimba kwa siku 6 wanatoa mita za ujazo 50 kwa siku, karibu 2 kwa kila mtu, na hiyo inawezekana. Lakini lori mlilokodi linabeba mita za ujazo 5, na kwa foleni ya kwenda dampo na kurudi linafika safari 4 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 20. Wachimbaji watamaliza siku ya 6, tope litamalizwa kuzolewa siku ya 15, na kwa siku tisa za katikati litakuwa limekaa ukingoni likisubiri mvua ya kwanza ilirudishe ndani. Lori ndilo “bottleneck”, shingo ya chupa: sehemu nyembamba inayoamua mwendo wa kazi yote. Kuongeza sepetu hakusaidii. Kuongeza malori mawili kunafikisha mita za ujazo 60 kwa siku, na kazi inaisha kwa siku 6.

Kwa mfano huo huo mnapata “input”, “activity”, “output”, “outcome” na “impact”. “Input” ni watu 24, sepetu, matoroli, malori, mabuti ya mvua. “Activity” ni kuchimba na kuzoa. “Output” ni mita 600 zilizosafishwa: kitu kilicho mikononi mwenu, mnachoweza kukipima kwa futi kamba siku ya mwisho. “Outcome” ni maji kutoingia majumbani masika yakija. Hilo haliko mikononi mwenu peke yenu. Linategemea pia kama watu wataacha kutupa taka. “Impact” ni watoto kutougua kipindupindu na biashara kutosimama, miaka ikipita.

Sisi “output” na “outcome” zote tunaziita “matokeo”. Hilo linaumiza, kwa sababu kamati inaandika “outcome: 600 metres cleaned” na msomaji anaona hawajui kwa nini walisafisha. Tumieni “kazi iliyokamilika” kwa “output”, na “matokeo” yabaki kwa “outcome”. Kwa “impact” wengi huandika “athari”, lakini mtaani athari ni madhara. Ukimwambia mkazi mradi utakuwa na athari kubwa, atakuuliza utamlipa nini. “Mabadiliko ya muda mrefu” ni refu kutamka, lakini halimtishi mtu.

Kiashiria, “indicator”, ni kipimo kitupu, hakina mwelekeo. “Number of houses flooded”, idadi ya nyumba zilizoingiwa na maji. Mwelekeo na namba vinakaa kwenye shabaha, “target”, na pa kuanzia panakaa kwenye “baseline”. Tuseme masika yaliyopita nyumba 45, masika haya zisizidi 10. Wengi huandika kwenye safu ya kiashiria “reduced number of flooded houses”. Neno “reduced” ni shabaha iliyopotea njia, litoeni. Na “baseline” ihesabiwe kabla kazi haijaanza. Ikihesabiwa baada ya mtaro kusafishwa haifai tena, na hakuna namna ya kurudi nyuma.

Maneno ya mkakati yenyewe hayatatuchukua muda. “Vision” ni hali ya baadaye na huandikwa kama picha, bila kitenzi cha kutenda: “A neighbourhood safe from floods”. “Mission” ni kazi yenu ya kila siku na huanza na kitenzi: “To keep drains open”. Kiswahili kilichagua dira, chombo cha baharia, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025 inaendeleza neno hilo. Linasema upande wa kwenda, na kwa maoni yetu linafaa kuliko kuona. “Strategy” ni mkakati, kutoka neno la Kigiriki la jemadari. “Tactics” ni mbinu. Mkakati unachagua, na ukichagua kuna kitu umekiacha. Ukisoma mpango mkakati usiosema hata mahali pamoja nini hakitafanyika, unasoma orodha ya matamanio. “Strategic plan” kwa taasisi zetu huwa ya miaka mitano. “Annual work plan”, mpango kazi wa mwaka, hufuata mwaka wa fedha, 1 Julai hadi 30 Juni. Mfadhili anayehesabu kuanzia Januari ataona robo zenu hazioani na zake, kwa hiyo msiandike “Q1” peke yake, andikeni miezi.

Kwenye uchambuzi wa SWOT, yaani nguvu, udhaifu, fursa na hatari, neno “changamoto” limemeza safu mbili. “Weaknesses” ni udhaifu wa ndani, kama kamati isiyo na mweka hazina. “Threats” ni hatari ya nje, kama mvua kuanza mapema. Ya kwanza unaitibu, ya pili unajikinga nayo. Ukiziita zote changamoto, na kwa Kiingereza ukaandika “challenges”, hakuna anayejua afanye lipi. “Challenge” halisi ni jambo gumu linalokuita ulijaribu. Tatizo liitwe tatizo, “problem”; upungufu uitwe upungufu, “gap”. Hakuna adabu inayovunjika.

“Delegate” na “devolve” pia zitenganishwe. Kukasimu madaraka ni kumpa mtu afanye kwa niaba yako, na unaweza kuyachukua tena. Wewe bado unajibu. Kugatua ni kuyahamisha yawe yake. Mwenyekiti anayesafiri wiki moja anakasimu.

Muhtasari wa kikao ndipo maneno yote haya yanapopimwa. Kiswahili cha vikao ni kizuri sana: akidi ni “quorum”, waliotoa udhuru ni “apologies”, yatokanayo ni “matters arising”, mengineyo ni “any other business”. Kwenye maazimio tunalegea. “Ilikubaliwa kwamba ufuatiliaji ufanyike.” Nani afuatilie? Kwa Kiingereza inakuwa “It was agreed that follow-up be made”, sentensi iliyonyooka kisarufi na isiyo na mtu ndani. Na ufuatiliaji wenyewe ni upi? “Follow up” ni kumrudia mtu mara moja kuuliza jambo lililobaki. “Monitor” ni kupima mara kwa mara kwa ratiba. “Track” ni kuandika kila hatua inayopita. Azimio zima linakaa hivi: “The secretary will call the lorry owner by 12 February and report to the chair the same day.” Mtu, kitenzi, tarehe, na wa kupelekewa jibu. Kama kikao kimetoa maazimio 9, kila moja lipate hivyo vinne, na kikao kijacho yatokanayo yasomwe kwa mpangilio ule ule.

Angalieni pia “table”. Mwingereza aki-“table” hoja anaileta mezani ijadiliwe leo. Mmarekani aki-“table” anaiweka pembeni. “Oversight” nayo ni usimamizi wa juu, na pia ni jambo lililosahaulika kwa bahati mbaya. “Due to an oversight” si sifa.

Kuna maneno laini ambayo wageni huyatumia na sisi tunayasikia kama ahadi. “Noted” maana yake nimesoma, haimaanishi nimekubali. “We agree in principle” ni kukubali wazo bila kukubali kiasi wala tarehe. “Subject to availability of funds” ni kama fedha zitapatikana. “Tentative” ni tarehe ya kukadiria tu, “confirmed” ni iliyothibitishwa; msikodi viti kwa “tentative”. Nasi tunayo yetu: “tuko pamoja”, “tutaangalia”, “usijali”. Mgeni huyasikia kama ndiyo. Anayefasiri kikaoni asiishie kwenye neno, aulize papo hapo, kwa upole, “Kwa hiyo nimwandikie tarehe ngapi?”

Mwisho wa kazi nao una msamiati wake. Kamati ya harusi hufanya kikao cha kuvunja kamati: hesabu inasomwa, deni linatajwa, kilichobaki kinaamuliwa, watu wanakula, kamati inakufa rasmi. Kiingereza kinagawa tukio hilo. “Close-out” ni kufunga hesabu na mikataba. “Handover” ni makabidhiano: sepetu 12 na matoroli 4 vinapokewa na nani, kwa saini gani. “Debrief” ni mazungumzo ya kilichokwenda vizuri na kilichoharibika, yafanyike ndani ya wiki moja watu wakiwa bado wanakumbuka. Miradi yetu mingi huwa na “closing ceremony” yenye turubai na muziki, na haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Karatasi iliyo mezani mbele yenu ina sentensi 20 kutoka kwenye mihtasari ya aina hii. Kaeni wawili wawili, mmoja wa ofisini na mmoja wa mtaani. Msizifasiri kwanza. Chukueni ya kwanza, “Kamati itashirikiana na wadau kuhakikisha changamoto zinafuatiliwa mpaka Machi”, na iandikeni upya kwa Kiswahili mpaka mpate mtu, kitenzi na tarehe. Kiingereza tutakiandika baada ya chai.